Neno Moja kwa Mambo Mawili

Kanisani kwetu, huku milima ya Kilungu, ibada ikikaribia kuisha mzee mmoja husimama kusoma matangazo, na la mwisho huwa lilelile: akina mama wabaki kidogo. Wanaume hutoka nje kujadili mvua ambayo haijanyesha. Wasichana wa kwaya hukimbilia simu zao. Kwa miaka sita ya mwanzo ya ndoa yangu sikujua kama tangazo hilo lilinihusu. Kutoka na wanaume singeweza, na wa kutoka na wasichana sikuwa tena, maana pete ilikuwa kidoleni. Basi nilibaki, nikakaa benchi la nyuma karibu na dirisha, kama mtu aliyemsindikiza mwenzake.

Katika kikundi kile kila mmoja alikuwa mama wa fulani. Katibu aliita mahudhurio kwa majina ya watoto, mama wa huyu, mama wa yule, na alipofika kwangu alitua, akapandisha miwani, akasema, "Mwalimu." Cheo hicho ni halali. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari si mbali na hapo. Lakini walikuwepo walimu wengine wawili kikundini, nao waliitwa kwa watoto wao kama kila mtu. Mimi peke yangu niliitwa kwa kazi, kama vile mtu anavyoitwa Fundi au Dereva.

Niseme mapema kwamba hawakuwa watu wabaya. Ukiumwa, watakuletea muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wa kukutosha wiki nzima. Ni vile tu walikuwa na njia nyingi za kuuliza swali moja, na mimi, kwa mazoea ya mwalimu wa lugha, nilikuwa nikizikusanya. Kulikuwa na wa "Nyumbani hawajambo?" huku akijua vizuri nyumbani tuko wawili. Kulikuwa na wa "Naona umenenepa," akishusha macho tumboni na kuyaacha hapo. Mama mmoja anayeniuzia nyanya katika soko la mji wa Wote alikuwa akinijazia mfuko kisha anauliza, "Niongeze za mgeni?" Na kulikuwa na washauri. Mmoja alinikataza soda baridi kwa kuwa hugandisha kizazi. Mwingine alinikataza kupanda pikipiki, na wa tatu akaniambia nipande kila siku, barabara mbaya zaidi, mambo yakae mahali pake. Mke wa mwalimu mkuu aliniambia kwa upole kwamba kusahihisha insha nyingi huvuta damu yote kichwani. Huyo nilimkubalia. Niliacha insha za kidato cha pili kwa wiki mbili, nikafurahi sana, ila mimba haikuja.

Kikamba kina neno lake kwa mwanamke kama mimi. Sitaliandika. Wanaolijua wanalijua, na wasiolijua wana la kwao. Kiswahili kinasema tasa, na kamusi yangu inaongeza kwamba tasa pia ni aina ya bakuli. Tupu, nadhani. Kusema kweli neno hilo halikunifaa. Mimi mimba nilishika. Nilishika mara mbili katika miaka hiyo sita, ila hakuna aliyefika. Mwanamke wa namna hiyo nilimtafuta kwenye kamusi kurasa zote na sikumpata.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mama mkwe wangu. Ni mfupi, ana mabega ya mtu aliyechimba matuta maisha yake yote, na nyumba yake iko chini ya yetu kwenye mteremko uleule, umbali wa mtu kuita na kuitikiwa. Mimi humwita Mwaitu, yaani mama yangu. Sisi wawili huongea Kikamba, ingawa cha kwangu ni cha Kitui, nako huko, kwa maoni yake, watu huongea kana kwamba wanaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Lakini jambo likiwa zito, Mwaitu huhamia Kiswahili. Kwake Kiswahili ni lugha ya chifu na mahakama na hospitali, lugha ya kusemea mambo yasiyorudishwa nyuma. Na Kiswahili chake hakina ngeli hata moja. Kiti yangu. Maji imeisha. Hii maneno. Mimi mwenye kalamu nyekundu nilikaa mbele yake miaka yote nikimsahihisha kimoyomoyo, nikitingisha kichwa kwa heshima.

Hakuwahi kuniuliza habari ya mtoto. Alikuwa na mtindo wake. Akija kwetu alisimama katikati ya sebule, akakohoa mara moja, akasikiliza, kisha akasema nyumba hii ina mwangwi. Mume wangu, ambaye huchukua maneno kama yalivyo, alinunua viti vinne. Mwaitu alirudi, akakohoa, akasema bado.

Mume wangu hutengeneza mashine za visima. Siku za kazi huwa huko chini tambarare, Kiboko na kuendelea, ambako maji yako mbali ardhini na mashine haziishi kuharibika. Tulipokwenda kupimwa, alikubali kutangulia yeye, jambo ambalo nimewasikia wanawake wengine wakilisimulia kama muujiza. Daktari alituambia hakuna kasoro kwake wala kwangu. Kwa mtu wa mashine hakuna habari mbaya zaidi ya hiyo. Alimuuliza daktari maswali nusu saa, pamoja na kama presha inatosha, na njiani akaniambia kwamba kitu kisichofanya kazi lazima kiwe na sababu, ni vile tu huyu daktari hajafungua ndani.

Mimba ya kwanza ilidumu majuma manane. Hatukuwa tumemwambia mtu. Siku hiyo nilifundisha vipindi vitatu nikiwa nimesimama, maana sikujua niombe ruhusa ya nini. Fomu yetu ya likizo ina nafasi ya ugonjwa, nafasi ya msiba na nafasi ya mengineyo. Ugonjwa sikuwa nao. Msiba una jeneza na watu. Kesho yake niliandika mengineyo, na mwalimu mkuu akatia sahihi bila kuuliza, labda akidhani ni mambo ya shamba.

Ya pili ilifika mwezi wa nne. Hatukusema tena, lakini Mwaitu alijua, sijui kwa kuangalia nini. Aliacha habari za mwangwi. Akaanza kuja kila asubuhi na chupa ya uji wa wimbi, na kusimama mlangoni mpaka niumalize, kama askari. Siku moja alinikuta nimebeba mtungi wa lita kumi, akahamia Kiswahili papo hapo.

"Mwalimu, hii kazi ya maji umeacha."

Nikaacha. Nilinenepa kweli. Mama wa nyanya aliniongezea za mgeni bila kuuliza, nami nikazipokea.

Muhula huo wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa akiishi nasi. Alikuwa anasomea kompyuta chuoni Wote na alipenda nyumba yetu kwa sababu ya mtandao. Ni msichana mwema, mwepesi wa kusaidia na mwepesi zaidi wa kufikiri. Alhamisi moja alasiri nilianza kuumwa nikiwa shuleni, kwenye chumba cha walimu, na ni yeye niliyempigia, kwa kuwa mume wangu alikuwa kisimani na simu yake haishiki akiwa huko. Wifi alikuja, akanishika mkono, akanifikisha hospitali. Sitamsahau kwa hilo, hata baada ya yaliyofuata.

Hapo kwenye wadi niligundua jambo ambalo nadhani mwalimu wa Kiswahili peke yake ndiye angelipotezea wakati. Juma lililotangulia, kliniki, sista aliniambia anaendelea vizuri, moyo wake unapiga, ametulia. Alhamisi hiyo wakaniambia imeharibika. Imetoka lakini si yote. Nililala hapo nikitazama dari na kufikiria kwamba mtoto wangu amehamishwa ngeli. Jumanne ya juma lile alikuwa kwenye A-WA pamoja na watu, na sasa yuko kwenye I-ZI pamoja na redio na baiskeli na mboga zilizoachwa juani. Hakuna aliyekusudia. Ndivyo lugha ilivyo, nami mwenyewe nimeifundisha hivyo miaka kumi na mbili. Kisha wakaniambia lazima nisafishwe. Hilo nalo nilifikiria, nikiwa mtu aliyeoga asubuhi.

Nilirudi nyumbani Jumamosi na vidonge na karatasi ya kuruhusiwa ndani ya bahasha. Wifi alikuwa anapika. Alitaka kujua vidonge vyekundu ni mara ngapi kwa siku, akafungua bahasha kutafuta maelezo, akasoma karatasi. Daktari alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa mkono, neno ambalo kila msichana aliyepita shule anajua maana yake moja tu: abosheni. Isiyokamilika. Wifi aliikunja, akairudisha ndani ya bahasha, akamaliza kupika, akanipakulia, akasubiri nilale. Kisha akateremka kwa mama yake.

Kesho yake uji haukuja.

Nilidhani Mwaitu ameenda kanisani mapema. Jumatatu pia haukuja. Wala wale akina mama hawakuja, hata mmoja, na muthokoi haukuonekana. Nikajieleza kwamba ndivyo ilivyo: hakuna kaburi, hakuna tangazo, watu waje kufanya nini? Mume wangu alikuwa amerudi kutoka Kiboko. Alinishika mkono usiku kucha wa kwanza, na asubuhi akaanza kufungua mashine ya kisima cha jirani, mashine ambayo, kwa ushuhuda wa jirani mwenyewe, ilikuwa nzima kabisa. Aliitandaza vipande vipande kwenye gunia nje ya mlango, akavipangusa kimoja kimoja, akaifunga tena. Siku ya pili akaifungua upya. Jirani alikuja, akatazama, akaondoka bila kudai mashine yake. Katika siku zile jirani huyo, bila kufungua mdomo, ndiye aliyesema maneno yaliyonifaa zaidi.

Siku ya nne mume wangu aliteremka kwa mama yake kuuliza kulikoni. Alirudi akapita moja kwa moja mpaka chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akazungusha kofia yake mikononi muda mrefu. Halafu akanieleza. Huko chini ilikuwa inajulikana kwamba mimi nimetoa mimba. Karatasi ya daktari ilisema hivyo. Na sababu ilikuwepo tayari: nilikuwa nimeitwa mahojiano ya unaibu mwalimu mkuu, na Wifi alikuwa amenisikia nikimwambia mwenzangu kwenye simu kwamba mahojiano yataangukia wakati mbaya.

Kwanza nilicheka. Miaka sita bila soda baridi. Miaka sita ya kupanda pikipiki na kushuka pikipiki. Nilicheka mpaka mume wangu akaogopa, na kicheko kilipobadilika aliogopa zaidi.

Mwaitu alikuja siku ya tano asubuhi. Hakukohoa. Aliketi kwenye kimojawapo cha vile viti vinne, akaweka kikapu chake cha kiondo miguuni, akanitazama.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, "leta hiyo karatasi."

Nikaileta. Akaniambia nisome. Nilisoma Kiingereza chote kwa sauti, kama ninavyosoma mbele ya darasa, kisha nikatafsiri. Nilipofika kwenye neno lile aliweka kidole juu yake, kidole kigumu chenye udongo kwenye mikunjo.

"Hii ndio inasema ulitoa?"

Nikamweleza. Kwamba Kiingereza cha madaktari hutumia neno hilo kwa mimba iliyotolewa na kwa mimba iliyotoka yenyewe. Kwamba daktari hakukosea wala hakudanganya, ameandika kama alivyofundishwa. Neno ni moja, mambo ni mawili. Nilikuwa nimelisema hilo kichwani tangu jana yake na nilitaka niliseme kama somo la darasani, nikashindwa.

Mwaitu aliinua kidole kutoka kwenye karatasi.

"Wazungu wote hao," akasema, "na hawakupata neno la pili?"

Nikamwambia wanalo, ila madaktari hawapendi kuliandika.

Nje mume wangu alikuwa ameacha kugonga vyuma. Najua alikuwa anasikiliza. Halafu Mwaitu akauliza, "Alikuwa amefika wapi?"

Sikumwelewa mara moja. Nilidhani anauliza kuhusu hospitali. Kisha nikaelewa, nikamwambia miezi minne na siku chache.

"Basi alikuwa amefika mbali," akasema. "Amegeuka njiani."

Mwanamke asemaye kiti yangu na maji imeisha, ambaye hajawahi kuipa ngeli heshima yake hata siku moja, aliiweka ya mtoto wangu mahali pake barabara. Nililia hapo, kilio ambacho sikuwa nimekilia hospitalini. Hakunishika wala kunibembeleza, si kawaida yake. Alingoja, kisha akaanza kusimulia, sasa kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya sokoni. Kati ya mwanawe wa kwanza na mume wangu walikuwa wawili waliogeuka. Mmoja aligeuka wakati wa palizi. Mama mkwe wake alimwambia amalize mstari aliokuwa akipalilia, aingie ndani. Alimaliza mstari. Hakuna aliyemuuliza yule alikuwa amefika wapi, kwa hiyo hakuwahi kumwambia mtu, mpaka leo, na hata yeye alishangaa kwamba bado anakumbuka ni mstari wa ngapi.

Kisha akainuka, akauliza kama nimekunywa uji. Nikasema sijanywa tangu Jumamosi. Akatazama sakafu.

"Hiyo ni makosa yangu," akasema kwa Kiswahili, akateremka kuupika.

Ningependa mambo yaishie hapo. Lakini Mwaitu ni mwenyekiti kwa sababu haachi mambo yaishie hapo. Jumatatu iliyofuata alitokea mlangoni saa mbili asubuhi amevaa sare ya kanisa, kitambaa cheupe kichwani kimepigwa pasi, akaniarifu kwamba tunaenda hospitali karatasi ikatengenezwe. Nilimwambia karatasi za hospitali hazitengenezwi. Akasema anaweza kwenda na mimi, au anaweza kwenda na karatasi peke yake, nichague. Nilivaa viatu.

Daktari alikuwa kijana wa watu, mpole, na macho ya mtu ambaye hajalala. Mwaitu aliweka karatasi mezani pake na kumwambia, "Daktari, wewe umeandika bibi ya kijana yangu ameua mtoto." Alisema hivyo bila kupaza sauti. Daktari alieleza kwa adabu nyingi yaleyale niliyokuwa nimeyaeleza, kwamba ni neno la kitaalamu na halimlaumu mtu. Mwaitu alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba ni mtu aliyesoma, kisha akamwambia karatasi hii haikai hospitali. Inakaa nyumbani kwa watu, na nyumbani kwa watu kila mtu husoma kadiri alivyosoma.

Daktari alinitazama mimi. Nilitazama ukuta. Akachukua kalamu, akaandika kwa Kiswahili chini ya maandishi yake: mimba ilitoka yenyewe.

"Na pole uandike," Mwaitu akasema.

Akaandika, Pole sana mama. Hakuweka mkato kabla ya mama. Niliona hilo, na niliona pia neno lenyewe, na nikaendelea kutazama ukuta.

"Na mhuri."

Akapiga mhuri.

Jumapili, akina mama wakabaki. Nilikuwa mahali pangu dirishani. Baada ya maombi Mwaitu alisimama, akafungua kiondo, akatoa karatasi yangu, akampa katibu aisome. Hakuwa ameniuliza wala kunidokezea. Katibu alipandisha miwani na kusoma kila kitu, pamoja na uzito wangu na mapigo ya moyo, mpaka kwenye pole na mhuri. Nilitamani sakafu ipasuke, na kwa kuwa ni ya saruji haikupasuka.

Sitasema kwamba wote waliangua kilio na kukumbatiana. Walikohoa. Mmoja alifunga tena kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mwingine aliuliza kama ajenda inayofuata ni ya viti vya harusi. Ndipo kikongwe mmoja wa mbele, ambaye hudhaniwa hasikii, akasema bila kugeuka, "Mimi, wangu walikuwa watatu." Hakuongeza neno. Mwenyekiti alimshukuru, wakaendelea na viti vya harusi.

Sikumsemesha Mwaitu siku mbili. Uji alileta, nikaunywa kimya. Siku ya tatu akachoka, akaniambia watu walikuwa wanaisoma karatasi yangu nikiwa sipo, afadhali waisome nikiwepo. Nikamwambia huenda ni kweli, lakini karatasi ni yangu, na mtoto alikuwa wangu, na ningependa kuulizwa. Aliichukua chupa tupu, akafika mlangoni, akageuka. Akasema kwa Kikamba kwamba hilo nalo ni neno. Katika ndoa yangu yote ndiyo mara pekee nimewahi kumshinda mwanamke huyo katika mjadala, na sikuwa na shahidi.

Wifi aliniomba msamaha kwa ujumbe mrefu wa simu, kwa Kiingereza. Niliusoma mara tatu. Nikamjibu kwamba nimemsamehe, na kwamba sentensi ya nne haina kitenzi. Jioni alikuja kuniuliza kitenzi kikae wapi, tukapika pamoja. Unaibu mwalimu mkuu sikuupata. Aliupata mwanamume mmoja mwenye watoto saba, na hakuna aliyemuuliza anawapeleka wapi siku ya mahojiano.

Baada ya kikao kile wanawake walianza kuja kwangu mmoja mmoja, mahali pa ajabu ajabu. Mmoja aliniambia kwenye foleni ya kinu cha posho, akitegemea kelele za mashine zimfiche, na mashine ikazima katikati ya sentensi. Mwalimu mwenzangu aliniambia kwenye choo cha walimu, kupitia ukuta. Mama wa nyanya, huko Wote, aliniambia huku akichagua zilizoiva kwamba wake aligeuka mwezi wa Januari, na hakuinua macho, na nilipotaka kusema neno akawa tayari anamhudumia mwingine. Wengi wao walitumia neno lile la Mwaitu. Sijui lilifikaje mpaka Wote.

Yapata miaka miwili baadaye nilishika tena, na yule hakufika hata mwezi wa nne. Nina miaka arobaini na moja sasa. Mume wangu na mimi tumeanza kuulizia habari za kulea mtoto asiye na wazazi, na tunaulizia polepole, kama watu wanaoingia maji baridi. Labda itakuwa, labda haitakuwa. Ninachotaka kusimulia ni kwamba mara ile ya tatu walikuja.

Walipanda mteremko Jumatano saa nne, kumi na wawili, na sare zao na sufuria vichwani. Walijaza viti vyote, wengine wakakaa sakafuni. Na walisema vibaya. Sijawahi kusikia watu wema wakisema vibaya namna ile kwa pamoja. Mmoja aliniambia Mungu huchuma maua mazuri. Mmoja akasema nitapata mwingine, nikiwa bado sijamaliza kumpoteza huyu. Katibu alinifariji kwamba angalau inajulikana kwamba naweza kushika. Wa nne aliomba dakika ishirini, na katika maombi yake aliingiza bei ya mbolea na barabara ya Kilungu ambayo haijamalizika. Kama ingekuwa insha ningeijaza wino mwekundu kutoka juu mpaka chini. Kikongwe asiyesikia ndiye hakusema lolote. Alikaa karibu nami akanishika goti, akalala usingizi hapohapo, mkono ukiwa bado gotini.

Mwaitu alikuwa nje akifua mashuka. Alikataa kusaidiwa na wanawake wote kumi na wawili. Mwanawe peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuyaanika, akayaanika vibaya, akafokewa, akayaanika upya.

Walipoondoka waliacha sufuria tatu. Nilikula sahani mbili nikiwa nimesimama jikoni. Mume wangu aliingia, akaonja ndengu, akasita, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyezipika. Nikamwambia ni mama yake. Zilikuwa na chumvi ya kutosha kijiji kizima. Tulizila siku tatu, mpaka zikaisha, na kila Mwaitu alipouliza tukamwambia zilikuwa tamu.